Nani Aliyeumomonyoa Udongo?

Iko sentensi moja isiyokosekana katika hotuba yoyote ihusuyo kilimo cha milima ya Uluguru. Sentensi hiyo ni hii: "Udongo umemomonyoka, na mavuno yamepungua." Husemwa mkutanoni, huandikwa katika taarifa, hurudiwa darasani, na kila aisikiaye hutikisa kichwa kwa huzuni, kisha huenda zake bila kuuliza swali wala kuulizwa. Kazi yangu mimi ni lugha. Sijidai kuwa bwana shamba, wala sijui kuupima udongo kwa vyombo vya maabara. Lakini sentensi ni mali ya kazi yangu, na hii nimeipima kwa miaka mingi, nikaiona kuwa ina kosa. Kosa lenyewe si la sarufi, maana sarufi yake ni safi; ni kosa la haki.

"Umemomonyoka" ni neno la kauli ya kutendeka. Katika kauli hiyo kitu hupatwa na jambo, na mtenda hana mahali pa kukaa. Kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, fedha zimepotea, udongo umemomonyoka. Mtoto aliyevunja kikombe huipenda sana kauli hii, na mtunza hazina aliyekula fedha huipenda zaidi. Sasa tubadili silabi chache tu, tuseme: "Udongo umemomonyolewa." Papo hapo sikio linasimama na kungoja. Umemomonyolewa na nani? Hilo ndilo swali la makala haya, na nadhani tumelikwepa kwa muda mrefu kwa sababu jibu lake linatugusa wengi kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwanza tujue kilichopotea ni nini. Udongo ulishao mahindi na maharage si mlima mzima. Ni ngozi nyembamba iliyolala juu ya mlima. Imefanywa na majani yaliyooza, mizizi iliyokufa, nyungunyungu, mchwa na viumbe vingi visivyoonekana kwa macho, na unene wa inchi moja tu huchukua miaka mamia kutengenezwa. Mteremko ukiwa na miti, au hata nyasi, tone la mvua huangukia jani, likashuka polepole, likanywewa na ardhi. Mteremko ukichomwa moto na kuachwa mtupu, tone lile lile huupiga udongo kama kijiwe, likaziba matundu yake. Maji yakikosa pa kuingia hutiririka juu, na yakitiririka huondoka na ile ngozi. Kinachobaki ni udongo mwekundu wa chini, ambao jembe hulima, mbegu huota, na mmea hutoka lakini haunenepi. Mkulima hulima eneo lile lile, hutoa jasho lile lile, huvuna nusu ya alichovuna mama yake. Njaa ya namna hii haina kelele. Haiji kwa nzige wala kwa ukame; huja debe baada ya debe, mwaka baada ya mwaka, hata watoto wakadhani kwamba shamba lilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Anayetaka kuiona habari hii kwa macho yake na aende Mlali. Atokaye Morogoro kwa barabara ya Iringa hufika Sangasanga, akaiacha barabara kuu na kuelekea milimani. Mlali iko pale chini ya mteremko wa magharibi wa Uluguru, katika wilaya ya Mvomero, kabla njia haijaanza kupanda kwenda Mgeta. Ni mahali penye rutuba na biashara. Nyanya na mboga zalimwa bondeni, na magari yaliyobeba kabichi, viazi na karoti za Mgeta hupita hapo kwenda sokoni Morogoro na Dar es Salaam. Siku moja ya masika nilisimama kando ya mto baada ya mvua kubwa. Maji yalikuwa mekundu, mazito kama uji. Kijana mmoja aliyesimama karibu nami akasema, kwa utani usiokuwa na kicheko, "Mwalimu, hayo ni mashamba ya juu yanahamia Mindu."

Alisema kweli tupu. Mto Mlali ni mmoja wa mito inayoingia katika Bwawa la Mindu, pamoja na Ngerengere, Mzinga, Lukulunge na Mgera, na bwawa hilo ndilo tegemeo kubwa la maji ya mji wa Morogoro. Tangu lilipojengwa, bwawa limekuwa likipokea matope kutoka milimani, na kila gari la matope liingialo humo huchukua nafasi ya maji. Kwa hiyo udongo ule ule hufanya hasara mara mbili: huacha njaa utokako, na huleta kiu uendako. Wala safari haiishii Mindu. Ngerengere huingia Ruvu, na Mgeta nao maji yake hufika Ruvu. Na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Mtu wa Kariakoo afunguaye bomba lake asubuhi ana udugu na mteremko ambao hajapata kuuona.

Tumeona kilichopotea na kiendako. Turudi kwa mtenda. Wapo wasemao kwamba wanamjua, tena kwa haraka: ni mkulima mjinga. Yeye huchoma moto, yeye hulima hata ukingo wa mto, yeye hakati matuta. Mpe elimu, na akikataa elimu mpe faini. Jibu hili lina sifa moja tu, nayo ni kwamba limekwisha kujaribiwa.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kuuzuia udongo usiende na maji. Njia iliyochaguliwa ilikuwa amri. Waluguru walilazimishwa kukata matuta ya ngazi katika miteremko yao, wakakatazwa kuchoma moto na kulima mahali palipokuwa na mwinuko mkali, na aliyekaidi alitozwa faini. Waliotoa amri walikuwa na vyeti vya elimu. Waliopewa amri walikuwa na majembe na uzoefu wa vizazi. Ikawaje? Katika sehemu nyingi kazi ya kukata ngazi iliupindua udongo: ule mweusi wa juu ukafukiwa, na ule mwekundu usio na chakula ukaletwa juu. Mkulima alifanya kazi ngumu kuliko zote alizopata kufanya, naye mwisho wake akavuna kidogo kuliko alivyozoea. Mjinga alikuwa nani hapo?

Watu walilalamika, wakaambiwa ni wakaidi. Julai 1955, upande wa mashariki wa milima, huko Matombo, malalamiko yakageuka kuwa ghasia. Polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mwaka huo huo mpango ukaachwa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikapata milimani wafuasi ambao hakikuwatafuta kwa jasho. Hata leo, katika masikio ya wazee, neno "matuta" lina uchungu ambao hakuna kamusi iliyoueleza.

Hapa lazima niwageukie na ndugu zangu wasomi wa upande wa pili, maana wao nao wana kosa lao. Sisi tuliosoma historia ya uhuru tumezoea kuisimulia Matombo kama ushindi, tukaishia hapo. Ushindi ulikuwa ni ushindi, wala sina nia ya kuwapunguzia heshima waliokataa kuonewa. Lakini mvua haikusoma historia ile. Tarehe 23 Februari 1970, kiasi cha milimita 100 za mvua kilianguka Mgeta katika muda wa saa tatu hivi, na miteremko ikaporomoka mahali zaidi ya elfu moja, katika eneo lipatalo kilomita za mraba 75. Wataalamu waliokwenda kuyahesabu maporomoko hayo waliona kwamba karibu yote yalitokea mashambani na penye nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Bendera ilikuwa imebadilika, mtawala alikuwa amebadilika, lakini mteremko mtupu ulikuwa mteremko mtupu. Kumwondoa aliyetoa amri mbaya ni jambo moja. Kuutunza udongo ni jambo jingine, nalo tuliliacha limelala.

Tena tulifanya vibaya zaidi ya kuliacha. Tuliichukua ile lugha ya amri, tukaibadili rangi, tukaendelea nayo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli ziwezazo kuharibu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Sheria ni nzuri, na siku itakapotimizwa kwa hekima nitakuwa wa kwanza kuisifu. Lakini kwa mkulima ambaye kipande chake chote kiko ndani ya mita hizo sitini, nasi hatukumwonyesha kipande kingine, sheria hiyo ni sauti ile ile ya 1950: acha, usifanye, utatozwa. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Sisi tumenena mno.

Kwa nini basi mkulima hafanyi kile ambacho macho yake yanamwambia kwamba chafaa? Swali hilo nililiuliza mwenyewe, kwa adabu, mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akilima mahindi katika mteremko juu ya Mlali. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwuliza kama ajua kwamba miti na mistari ya majani ingeuzuia udongo wake. Alinitazama kwa huruma, kama mtu atazamaye mtoto aliyeuliza kama maji hulowesha.

"Mwanangu," akasema, "najua. Lakini shamba hili nimeazimwa. Nikipanda mti, wenyewe watasema nataka kulichukua. Watanitoa msimu huu huu."

Katika maneno hayo machache mna elimu kuliko katika hotuba nyingi nilizosikia. Kwa mila ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Asiye wa ukoo aweza kuazimwa shamba, akalima mahindi na maharage, akavuna na kula. Lakini mti ni jambo jingine. Mti hukaa miaka mingi, na apandaye mti ni kama aandikaye jina lake ardhini. Kwa hiyo mwazimwa hukatazwa kupanda cha kudumu. Mila hiyo ilikuwa na hekima yake wakati ardhi ilipokuwa nyingi na shamba lililochoka liliachwa lipumzike miaka kadhaa. Leo mapumziko yamefupishwa au yamekwisha kabisa, na walimao ardhi ya kuazimwa ni wengi. Kila mmoja wao amewekwa mahali ambapo kuuhifadhi udongo ni kosa, na kuuchosha ni utii. Nani atafanya kazi ya miaka kumi katika shamba ambalo ana hakika nalo kwa msimu mmoja? Mimi nisingefanya. Wala wewe msomaji usingefanya, hata kama una shahada tatu.

Nasikia sauti ikisema: "La, sababu ni wingi wa watu. Watu wakizidi, ardhi haina budi kuharibika." Hoja hii ni kongwe, na wengi huiamini kwa kuwa haimlaumu mtu ye yote isipokuwa watoto waliozaliwa. Na tuitazame Machakos, katika nchi jirani ya Kenya. Katika miaka ya 1930 watawala waliiandika Machakos kuwa nchi inayokufa, iliyojaa makorongo. Wakaamuru ng'ombe wa Wakamba wapunguzwe kwa nguvu, na mwaka 1938 Wakamba wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Miaka sitini baadaye watu wa Machakos walikuwa wameongezeka mara tano na zaidi. Kwa hoja ile ya wingi, pale pangalikuwa jangwa. Lakini kitabu kilichotolewa mwaka 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilionyesha kinyume chake: mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti ilikuwa imeongezeka, na miteremko ilikuwa imejaa matuta yaliyochimbwa na wenyewe kwa mtindo uitwao fanya juu. Walikuwa na soko la mazao yao, na walikuwa na hakika kwamba atakayechimba ndiye atakayevuna. Matuta yale yale ambayo kwa amri yalileta bunduki Matombo, kwa hiari yalileta chakula Machakos.

Sauti nyingine itasema kwamba nguvu nayo imepata kufaa, na itataja Kondoa. Nakubali kuisikiliza. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika, na ni kweli kwamba nyasi zilirudi na makorongo mengi yakapona. Lakini tuulize yaliyosalia: mifugo ile haikuyeyuka hewani, iliondoka na kwenda kukanyaga ardhi nyingine, na wenyewe walibaki bila maziwa na samadi. Hata pale Kondoa hapana budi ilionekana baada ya miaka kumi kuwaruhusu watu wafuge tena, kwa kuwalisha wanyama zizini. Nguvu yaweza kuufukuza mkono uharibuo; haiwezi kuuita mkono utunzao.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Huko huko Mgeta, juu ya Mlali, ambako mboga hupata maji ya mifereji na bei ya mjini, wakulima hutunza ngazi zao. Na katika miaka ya 1980 walipoletewa mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, waliwapokea, maana mbuzi hutoa maziwa kwa mtoto na samadi kwa shamba. Mluguru ni yule yule. Tofauti ni kwamba hapa faida ya jasho inarudi kwa aliyetoka jasho.

Sasa naweza kulijibu swali langu. Udongo umemomonyolewa na mkono ushikao jembe, ndiyo. Sitasema kwamba moto huwashwa na malaika. Lakini mkono huo umesukumwa na mikono mingine. Umemomonyolewa na aliyeamuru bila kusikiliza mwaka 1950, na aliyeamuru baada yake kwa maneno mapya. Umemomonyolewa na ukoo ung'ang'aniao mila ya kuazimana bila kuitazama hali ya leo. Umemomonyolewa na sisi watu wa mjini, ambao tumekula kabichi ya Mgeta na nyanya za Mlali na kunywa maji ya Ruvu kwa bei isiyo na senti moja ya kuurudishia mlima kilichotoka mlimani. Na umemomonyolewa na wasomi, nami nimo.

Hatia ya wasomi yataka maneno yake. Milima ya Uluguru imechunguzwa sana: mashimo yamechimbwa, udongo umepimwa, tasnifu zimejaa rafu. Sehemu kubwa ya elimu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo yule bibi wa mtelemkoni hawezi kuisoma. Tumechukua habari kutoka shambani mwake, tukazisafirisha kama mto usafirishavyo udongo, tukaziweka mbali ambako hazioti. Yeye tukamwachia amri tu, kwa kuwa amri ndiyo pekee tunayokumbuka kuitafsiri. Hayo nayo ni mmomonyoko.

Ninachodai si kigumu kukieleza, ingawa ni kizito kukitenda. Kwanza, mwazimwa apewe hakika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yatambua haki za kimila na hati zake. Na ukoo na serikali ya kijiji waketi, waandike mapatano ya kuazimana kwa miaka mingi, yasemayo wazi kwamba mti uliopandwa kuzuia udongo si dai la umiliki, na kwamba aliyeupanda ana fungu lake katika matunda yake. Pili, mnywaji wa maji alipe. Jambo hili limekwisha kuonjwa Uluguru: katika miaka iliyofuata 2006, huko Kibungo Juu, wakulima walipata kulipwa kwa kazi ya kuhifadhi udongo na maji, nao walifanya. Lililoonjwa kwa kijiko na lipikwe kwa sufuria. Sehemu ya bili ya maji ya Morogoro na Dar es Salaam irudi mlimani kila mwaka, kwa kanuni, isiwe sadaka ya mradi uishao. Tatu, kila atakayekwenda Mlali kuuchunguza udongo aandike muhtasari wa aliyoyaona kwa Kiswahili, na arudi kuusoma mbele ya waliomwonyesha mashamba yao. Asiyeweza kumweleza mkulima alichogundua, huenda hajakielewa yeye mwenyewe.

Najua wako watakaosema kwamba mwalimu wa lugha ameacha jamvi lake na kukalia la watu wengine. Lakini chakula hakimo nje ya lugha. Maadamu tutaendelea kusema "udongo umemomonyoka," hatutamtafuta mtu, na maadamu hatutafuti mtu, hakuna atakayelipa wala atakayetengeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi ukuta wa udongo tutaujenga kwa udongo gani, ikiwa wote umekwenda Mindu?

Masika yajayo mto Mlali utashuka mwekundu tena. Atakayesimama kando yake na ayatazame maji yale vizuri, na alipokwisha kuyatazama asiseme tu kwamba mlima umechoka. Aseme nani ameuchosha, na aanze kuhesabu kutoka nyumbani kwake.